Ghala la Mzee Abdulnasir

Kazi ya Stellah Burito ilikuwa ngumu kuieleza, na wa kwanza kushindwa kuielewa alikuwa mama yake mzazi, kule Bugwema. Kwa miaka kumi na moja Stellah alifundisha jiografia sekondari, na mama alijua la kuwaambia majirani. Kisha binti akaacha ualimu, akaajiriwa na chuo kikuu kidogo cha binafsi mjini Musoma kwa cheo cha Afisa wa Michango Mikubwa.

"Michango ya nini sasa?" mama aliuliza. "Ya harusi?"

"Ya chuo, mama. Natafuta watu wenye uwezo wajenge mabweni, wanunue vifaa vya maabara, walipie watoto ada."

"Kwa hiyo unawaombaga."

"Siwaombi. Nawatembelea, tunazungumza, wanakifahamu chuo. Wakipenda, wanatoa."

"Wakitoa unawashukuru?"

"Nawashukuru, ndiyo."

"Basi unaombaga," mama alisema, akiendelea kupepeta mtama. "Ila unavaaga viatu vizuri."

Stellah alicheka, lakini njiani akirudi Musoma alijiuliza kama mama hakuwa amesema kweli. Chuo kilimpeleka Dar es Salaam kwa mafunzo ya wiki moja, na huko mkufunzi aliwaambia kwamba mfadhili mkubwa haombwi, anasikilizwa. Sentensi hiyo aliipenda. Alirudi nayo, akasikiliza kwa miaka miwili. Alimsikiliza mfanyabiashara wa dhahabu aliyekuwa na hasira na ndugu zake. Alimsikiliza mwenye kiwanda cha samaki aliyezungumza saa tatu kuhusu goti lake. Alichopata katika kusikiliza kote huko ni viti vya plastiki arobaini na mashine ya kuchapia isiyo na wino.

Ndipo akakutana na Mzee Abdulnasir Hamduni.

Ilikuwa Butiama, kwenye maonyesho ya vyuo na wakulima. Stellah alikuwa amekaa nyuma ya meza yenye vipeperushi, jua likimpiga upande mmoja wa uso, alipokuja mzee mrefu, mwembamba, amevaa kanzu na koti la kijivu. Alikuwa na miaka karibu themanini. Alisoma kipeperushi chote, mbele na nyuma, akiwa amesimama. Kisha akakirudisha mezani.

"Mmeandika mtafungua tawi Bunda."

"Ndiyo, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Wasichana watalala wapi?"

Kwa miaka miwili hakuna mtu aliyewahi kumuuliza swali hilo. Watu waliuliza ada, waliuliza kama digrii inatambulika, waliuliza kama kuna nafasi ya kazi kwa mpwa wao. Stellah alimwambia ukweli: hakuna bweni, watapanga vyumba mtaani, kama wanavyopanga wenzao wa Musoma, na huko mtaani si salama kila mahali.

"Mimi nina ghala," mzee alisema. "Lilikuwa la pamba. Njoo Bunda Jumatano."

Jumatano ile Stellah aliiweka moyoni muda mrefu, kwa sababu ilikuwa siku ya mwisho ambayo mambo yalikuwa yamenyooka. Mzee alimpokea barazani, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi ambalo sasa liliendeshwa na binti yake, Ikhlas. Aliagiza chai ya maziwa na maandazi. Alimpeleka kwenye ghala lenyewe, kando ya barabara kuu iendayo Mwanza: kuta nene, paa la mabati mazito ya zamani, sakafu ya saruji isiyo na ufa. Alipita akipimapima kwa hatua zake. Vyumba huku, vyoo kule, na hapa mahali pa kusomea, madirisha makubwa ili wasiumize macho.

"Sharti langu ni moja," alisema. "Liitwe Bweni la Mwanaupe."

"Mwanaupe ni nani, mzee?"

"Dada yangu. Tulifanya mtihani wa darasa la nne pamoja, Musoma. Wote tulifaulu. Baba alikuwa na uwezo wa mmoja, akanipeleka mimi." Akajikuna sikio. "Alinizidi kwa hesabu. Mbali sana."

Stellah aliandika yote kwenye daftari lake. Aliporudi chuoni akaenda moja kwa moja kwa bosi wake, Dakta Prosper, naibu mkuu wa chuo, mtaalamu wa samaki ambaye miaka hii hakuwagusa tena samaki isipokuwa mezani. Dakta Prosper alisimama, akamshika mikono yote miwili.

"Stellah, hili ndilo tulilokuajiri. Andaa barua ya ahadi. Akisaini, baraza la chuo likikaa mwezi ujao tunalo la kusema."

Wiki mbili baadaye Stellah alirudi Bunda na barua mkobani. Mzee Abdulnasir alikuwa barazani palepale, kwenye kiti kilekile. Alimtazama kuanzia miguuni.

"Wewe ni wa ardhi?"

"Hapana mzee, ni mimi Stellah. Wa chuo."

"Niliwaambia watu wa ardhi kiwanja kile nina hati yake. Mnataka nini tena? Nendeni!"

"Mzee, tuliongea juu ya ghala, juu ya..."

"Ikhlas! Mtoe huyu!"

Ikhlas alitoka dukani akijifuta mikono vumbi la simenti, akamshika Stellah mkono kwa upole, akamsindikiza hadi barabarani. "Samahani, dada," alisema. "Leo hajalala vizuri." Kisha akarudi kwa wateja wake.

Stellah alikaa kwenye kiti cha mbele cha gari la Musoma akilipitia jambo lile neno kwa neno. Alikuwa amekosea nini? Labda mavazi: siku ile ya kwanza alivaa kitenge, leo alivaa suti. Labda alichelewa. Labda mzee alikuwa anampima, maana matajiri wana njia zao za kumpima mtu. Au labda alikuwa amebadili nia na aliona aibu kusema. Kila alichofikiria kilionekana kweli kwa muda, kisha kikapoteza nguvu.

Siku ya nne simu yake ikaita. Alikuwa mzee mwenyewe, sauti nzuri, imechangamka.

"Mwalimu! Mbona kimya? Nakungoja na ile barua."

"Mzee, nilikuja Jumanne."

"Hukuja. Ningekuona."

Akaenda. Safari hii alivaa kitenge. Mzee alimpokea kama mara ya kwanza, chai na maandazi, akamuuliza habari za watoto wake na mvua za Bugwema. Stellah akaanza kupumua. Kisha mzee akarudi kwenye habari za Mwanaupe, na habari haikuwa ileile.

"Mtihani hakuufanya," alisema. "Mimi ndiye nilimfungia stoo asubuhi ile. Nilijua atanizidi. Alipotoka, mtihani umekwisha."

"Lakini mzee, uliniambia wote mlifaulu."

"Nani alikuambia hivyo?"

Stellah aliinamisha macho kwenye daftari, ambamo maneno yale yalikuwa yameandikwa kwa mkono wake mwenyewe. Alipoinua uso, mzee alikuwa anamtazama kwa namna nyingine kabisa, kama mtu aliyemwona mgeni wa miaka mingi akiingia mlangoni.

"Umetoka Suguti saa ngapi?" aliuliza taratibu.

"Mimi nimetoka Musoma, mzee."

"Mwanaupe. Umekuja na nani?"

Stellah akasema, "Mimi ni Stellah. Stellah wa chuo."

"Nipe karatasi yako, Mwanaupe. Nipe nisaini, nyumba iwe yako, tumalize."

Akanyoosha mkono na kuichukua barua ya ahadi, ambayo Stellah alikuwa ameitoa mapema na kuiweka juu ya stuli. Akasaini bila kusoma. Sahihi ilikuwa nzuri, ya mtu aliyesaini karatasi za pamba kwa miaka arobaini, imelala upande mmoja, na chini yake akaongeza kwa herufi ndogondogo: *dada asamehe*. Akaipuliza wino ukauke, akaikunja mara mbili, akampa.

Stellah hakusema tena kwamba yeye si Mwanaupe. Alikuwa amekwisha kusema mara moja, alijiambia. Aliiweka barua mkobani, akaaga, akaondoka haraka kidogo kuliko alivyokuwa amepanga.

Alikaa nayo siku tatu. Alikuwa akiitoa na kuitazama, hata jikoni, hata wakati mume wake anataka waongee habari za karo ya watoto. Hii ndiyo ahadi kubwa kuliko zote ambazo chuo kiliwahi kupata. Na mkono ulioisaini ulikuwa unampa mtu mwingine. Au ulikuwa unampa yuleyule Mwanaupe wa jina la bweni, na kama ni hivyo tatizo liko wapi? Siku ile ya Butiama, mzee si alikuwa anajua vizuri kabisa anachotaka? Si aliuliza swali lililo bora kuliko yote? Au hata siku ile alikuwa tayari amechanganyikiwa, na Stellah hakuona kwa sababu hakutaka kuona?

Siku ya nne akaingia ofisini kwa Dakta Prosper.

"Amesaini," alisema. "Lakini sidhani alijua anasaini nini."

"Wewe ni daktari?"

"Hapana."

"Hata mimi ni wa samaki tu. Sahihi ipo au haipo?"

"Ipo."

Dakta Prosper akanyoosha mkono juu ya meza. Stellah hakuitoa barua. Mkono wa bosi ulibaki umefunguka, feni ikilia juu yao.

"Stellah," hatimaye akasema, na sauti yake haikuwa ya ukali. "Juzi binti mmoja wa mwaka wa pili amevunjiwa mlango mtaani Nyasho. Hakuumia, tunashukuru. Mimi ndiye niliyempigia baba yake. Unajua baba yake aliniuliza nini? Aliniuliza: wasichana wenu mnawalaza wapi? Sikuwa na jibu."

"Najua, Dakta."

"Basi nenda ukahakikishe. Una wiki mbili. Baada ya hapo naihitaji ile karatasi, au nahitaji sababu ninayoweza kuisoma mbele ya baraza."

Stellah alianzia kwa Ikhlas. Safari hii hakupita barazani. Aliingia dukani, akasubiri wateja wapungue, akaitoa barua na kuiweka kaunta, kati ya mizani na boksi la misumari. Ikhlas alisoma mara mbili. Uso wake haukubadilika, lakini aliketi.

"Ana mwaka na nusu hivi tangu aanze kusahau," alisema. "Siku nyingine yuko sawa kuliko mimi. Siku nyingine ananiita kwa jina la mama. Tumeficha. Watu wa biashara wakijua, kila mmoja atakuja na karatasi yake." Akamtazama Stellah. "Kama wewe."

Stellah aliikunja barua. Aliuliza tu, "Na huyo shangazi yako, Mwanaupe? Nilifikiri kama nikijua habari yake ya kweli, nitajua kama jambo hili mzee alilitaka tangu zamani, akiwa mzima."

"Shangazi gani? Baba hana dada."

"Anasema walifanya mtihani pamoja."

"Baba ni mtoto wa pekee, dada Stellah. Sijawahi kusikia jina hilo ndani ya nyumba hii. Muulize yeyote umtakaye hapa Bunda."

Stellah alitoka dukani akihisi kama aliyeshuka ngazi na kukuta ngazi moja haipo. Alikuwa amekuja kutafuta uhakika, na sasa hata mtu ambaye jina lake lingeandikwa juu ya mlango alikuwa ametoweka. Jambo moja tu lilibaki. Mzee alisema Suguti. Na Suguti hakukuwa mbali na kwao.

Jumamosi akaenda Bugwema. Mama alimsikiliza hadi mwisho, akauliza mara mbili kama mzee huyo ana watoto wa kiume, kisha akasema kama anayesema habari za kuku:

"Suguti kuna bibi mmoja tunamwitaga Bibi Mayala. Alikuwaga Mwislamu, wa mjini. Aliolewa na mtu wa huko, akabatizwa. Watu wa kwao hawakumtafuta tena."

"Yu hai?"

"Kwani nimesema amekufa?"

Bibi Mayala alikuwa uani kwake akianika muhogo juu ya mwamba. Alikuwa mfupi, mwenye mikono mikubwa, na hakuacha kazi kwa sababu ya mgeni. Stellah alimwamkia, akajitambulisha, akasema anatoka kwa Mzee Abdulnasir Hamduni wa Bunda. Bibi aliendelea kupanga vipande vya muhogo.

"Abdu," alisema baadaye. "Bado anajikuna sikio akiwa na wasiwasi?"

"Wewe ndiye Mwanaupe?"

"Nilikuwa. Baba yangu alikuwa fundi seremala wa kina Hamduni. Alipokufa wakanilea. Kula pamoja, kulala pamoja na watoto, yaani na Abdu, maana alikuwa peke yake. Kaka yangu kabisa. Halafu nikampenda Mayala baba, na Mayala baba alikuwa Mkristo wa kijijini mwenye ng'ombe sita. Basi. Jina langu likafutwa."

Stellah akamweleza yote: ghala, bweni, mtihani, uwezo wa mmoja, stoo. Bibi alisikiliza, na kadiri alivyosikiliza ndivyo alivyozidi kukunja uso, mpaka mwisho akaanza kucheka, cheko la kukohoa, akajishikilia kwenye mwamba.

"Alinifungia stoo? Stoo yetu haikuwaga na mlango!"

"Kwa hiyo mtihani uliufanya?"

"Sikuufanya. Siku ile ilikuja meli bandarini. Nikasema mtihani utakuwepo kesho, meli haitakuwepo. Nikaenda kuangalia meli." Akafuta macho. "Mwalimu yule alikuwaga anapiga vidole kwa rula. Nilifurahi kuacha. Abdu ndiye alilia, wiki nzima. Mimi nilikuwa nalia lini?"

"Hakukufanyia kosa lolote, basi."

Bibi akawaza. "Hakunitafuta," alisema. "Miaka hamsini na kitu, na Bunda ni hapo tu. Lakini hilo hasemi?"

"Hilo hajalisema."

"Basi labda ndilo hilo, amelichanganya." Akainama tena kwenye muhogo wake. "Au labda siyo. Mimi sijui mambo ya kichwani mwa mtu. Anakufa?"

"Hapana. Mwili una nguvu."

"Basi nitaenda nikishaanua."

Waliondoka Jumatano iliyofuata kwa gari la chuo, ambalo Stellah aliliomba kwa fomu iliyouliza madhumuni ya safari. Aliandika "uhakiki". Bibi Mayala alivaa gauni la kanisani na kitambaa cha kijani kichwani. Ikhlas, aliyekuwa ameambiwa kwa simu, alifunga duka mchana kweupe, jambo ambalo majirani walilitolea macho. Aliwapokea mlangoni, akamtazama bibi huyu ambaye wiki moja nyuma hakuwapo duniani, akasema, "Shikamoo," akawapisha waingie.

Mzee Abdulnasir alikuwa barazani. Stellah alikuwa ameiwazia sana dakika hii. Aliwaza atalia. Aliwaza atakataa kumtambua. Kilichotokea hakuwa amekiwaza.

Mzee aliinuka kwa heshima, akamkabili Bibi Mayala, akainamisha kichwa.

"Karibu, mwalimu. Umechelewa. Umeleta karatasi ya chuo?"

Kisha akamgeukia Stellah, uso umejaa furaha. "Mwanaupe, mletee mgeni chai."

Ikhlas aliziba mdomo kwa kiganja. Stellah alimtazama Bibi Mayala, akitegemea bibi atasema hapana, Abdu, mimi ndiye, tazama. Lakini bibi alikuwa ameketi kwenye kiti alichoonyeshwa, ameweka mkoba magotini kama mtu wa ofisini, na alimpa Stellah ishara ndogo ya kidevu: nenda.

Basi Stellah akaenda jikoni, akamimina chai, akaileta barazani. Aliporudi walikuwa wanazungumza.

"Nimekuja juu ya huyo Mwanaupe," bibi alikuwa anasema. "Nimeongea naye."

"Anasemaje?"

"Anasema hana neno na wewe."

Mzee alijikuna sikio. "Amekwambia mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Lini?"

"Leo asubuhi. Anasema siku ile alikwenda kuangalia meli. Anasema ungemtembelea angefurahi, lakini hana neno."

Mzee Abdulnasir akageuka pole pole mpaka akamkabili Stellah aliyekuwa bado amesimama na birika. Macho yake yalikuwa ya maji, na yalikuwa yanangoja.

"Kweli, Mwanaupe? Huna neno na mimi?"

Mara ile ya kwanza Stellah alikuwa amesema mimi ni Stellah wa chuo, kisha akanyamaza na kuichukua karatasi. Hilo lilikuwa kichwani mwake. Alijua pia kwamba mkufunzi wa Dar es Salaam hakufundisha lolote juu ya jambo hili, na kwamba hakuna neno ambalo angelisema hapo lisingekuwa la uongo upande mmoja. Alimtazama bibi. Bibi alikuwa anatazama chai yake.

"Sina neno, kaka," Stellah alisema.

Mzee aliketi. Aliweka mikono juu ya magoti, akitikisa kichwa kidogokidogo kama anayefuatilia hesabu. Kisha akacheka, cheko jepesi la mtu aliyetua mzigo.

"Basi ghala la nini tena?" alisema. "Kama hana neno, basi."

Na akaanza kunywa chai.

Stellah alisimama pale na birika lake. Alitaka kucheka na alitaka kulia, na zaidi ya yote alitaka mtu amwambie ni lipi kati ya hayo. Kwa maneno matatu alikuwa amempa mzee kitu alichokitafuta muda mrefu, na kwa maneno hayohayo alikuwa amekiondolea chuo bweni. Au hakuwa ameondoa chochote, kwa sababu hakikuwahi kutolewa. Alipotoka alimpa Ikhlas ile barua, sahihi na yale maneno madogo chini yake. Ikhlas aliichukua. Aliiweka ndani ya droo ya duka, akafunga kwa ufunguo.

Bibi Mayala hakurudi na gari. Alibaki Bunda siku tisa. Ikhlas alisema baadaye kwamba mzee alimwita mwalimu siku zote tisa, na kwamba jioni walikuwa wakikaa wawili barazani wakibishana juu ya majina ya watu waliokufa zamani, na ni nani alikuwa na baiskeli ya kwanza Musoma. Siku moja tu, asubuhi, alimwita Mwanaupe. Bibi alikuwa bafuni, hakusikia.

Kwa Dakta Prosper Stellah alikwenda bila karatasi. Alimpa sababu: mfadhili hana uwezo wa kutoa ahadi kisheria, familia haikushirikishwa. Aliiandika kwa mistari minne, akaona jinsi mistari minne inavyoweza kuwa kweli tupu na isiseme chochote. Dakta Prosper aliisoma, akavua miwani.

"Ungeniletea tu siku ile," alisema, "nisingejua haya."

"Ungeyajua baadaye."

"Labda." Akairudisha miwani. "Sijui nikukaripie au nifanyeje. Nenda kwanza."

Mkataba wake ulikuwa unaisha Juni. Alijiandaa kurudi ualimu, akaanza hata kuulizia nafasi. Juni ikapita, barua ya nyongeza ya mwaka mmoja ikaletwa mezani kwake na katibu muhtasari. Stellah alipouliza sababu, Dakta Prosper alisema baraza limeona hivyo, na hakuonekana kama mtu anayejua zaidi ya hapo. Tawi la Bunda lilianza kwa madarasa mawili ya kupanga. Ghala akalikodi mnunuzi wa mpunga.

Septemba Ikhlas alipiga simu. Alisema nyuma ya nyumba yao kuna vyumba vinne vya uani, wapangaji wametoka, na amekubaliana na kaka yake aliyeko Mwanza kwamba wasichana wa chuo wakae humo mwaka huu bila kodi. Mwakani wataona.

"Hii si kwa ajili ya baba," Ikhlas alisema. "Wala si kwa ajili ya shangazi. Ni kwamba vyumba vipo."

"Nitaandika barua ya shukrani. Iwe kwa jina la nani?"

"Sijui," Ikhlas alisema. "Usiandike kwanza."

Wasichana sita walihamia siku ya Jumapili. Stellah alikuja kusaidia kushusha magodoro. Mzee Abdulnasir aliwatazama kutoka barazani, akaitikia shikamoo zao zote sita, akamuuliza Ikhlas kwa sauti ya chini hawa ni watoto wa nani. Ikhlas alimwambia ni wanafunzi. Mzee akaitikia kwa kichwa, akasema wapewe chumba chenye dirisha kubwa, wasiumize macho.

Jumatatu Stellah alifungua taarifa yake ya robo mwaka kwenye kompyuta ya ofisi. Kulikuwa na safu ya jina la mfadhili, safu ya aina ya mchango, na safu ya tarehe ulipoanza kuombwa. Aliikodolea macho ile ya mwisho mpaka chai yake ikapoa. Kisha akahifadhi faili kama lilivyo, safu hiyo ikiwa tupu, akachukua mkoba, na kwenda Butiama, ambako mwenye shamba mmoja, la alizeti, alikuwa amesema anataka kumwona, bila kueleza kwa nini.